Okidi za Bi Simu

Fundi aliyenitengenezea meno yangu mawili ya mbele alipenda kusimulia, na nadhani alipenda zaidi wasikilizaji wa aina yangu: mtu amekaa kitini, mdomo wazi, nta imejaa kwenye fizi, hawezi kukatiza wala kutoa ushauri. Nilikwenda kwake mara sita. Meno ya kwanza yalinibana, ya pili yakawa meupe mno, yakaonekana ya kuazima. Mara zote sita alinisimulia habari hii moja, kila mara akisogea mbele kidogo. Baadaye nilifahamiana na binti yake, naye akaniziba mapengo yaliyobaki, ya habari, si ya meno.

Mtaani aliitwa Fundi Meno. Hakuwa daktari. Madaktari walichukua vipimo vya vinywa vya watu, wakamletea, naye akatengeneza meno kwa plasta, nta, visu vidogo na moto wa taa ya spiriti, na yaliyokataa kukaa sawa, kama yangu, akayarekebisha mwenyewe kinywani. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la viatu. Rafu tatu zilijaa taya za plasta, kila moja na kikaratasi chake, na aliyeingia mara ya kwanza alihisi anachekwa na umati wa watu. Mwenyewe alishazoea. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye mikono mitulivu kupita kiasi, na mpaka anatimiza miaka sitini na moja hakuwahi kuamini mambo ya mizimu.

Mkewe alikuwa mpokea simu. Kwa miaka ishirini na sita alikaa kwenye mapokezi ya ofisi kubwa, chumba kisicho na dirisha, akipokea simu na kuunganisha watu. Wengi waliijua sauti yake bila kumjua yeye. Akiwa dukani, akiulizia tu kama sabuni imefika, kuna mtu angegeuka na kusema, wewe si Bi Simu wa pale ofisini? Fundi mwenyewe alimpata hivyo hivyo. Alipiga simu kuulizia mzigo wa plasta uliochelewa. Kesho yake akapiga tena, mzigo ukiwa umeshafika, na hakuwa na la kuulizia.

Bi Simu alipostaafu, wenzake walimuaga kwa kumpa okidi moja kwenye kikopo cha plastiki, maua yake meupe yamepangana kama vipepeo waliotua kwenye waya. Kila mtu alijua itakufa mwezi huo huo. Haikufa. Baada ya miaka minne alikuwa na okidi kumi na nne sebuleni, kwenye ubao mpana chini ya dirisha na kwenye kimeza kando ya kiti chake. Kila Jumapili alizibeba moja moja hadi bafuni, akazimwagia, akaziacha zichuruzike hadi tone la mwisho, ndipo akazirudisha. Fundi hakuruhusiwa kuzigusa. Kazi yake ilikuwa kusogeza meza na kusifia.

Kisha likaja suala la uvimbe tumboni mwa Bi Simu. Madaktari walisema si kitu cha kutisha, upasuaji wa saa moja na nusu, na kwa kuwa ungefanyika saa tatu asubuhi, asile wala asinywe kuanzia saa tatu usiku wa kuamkia siku hiyo. Waliandika hivyo kwenye karatasi wakaibandika juu ya kitanda.

Saa tatu ilipofika, chumba cha upasuaji kilikuwa kimechukuliwa. Ilikuwa imetokea ajali, majeruhi wanaingizwa mmoja baada ya mwingine, na waliopangiwa siku hiyo wakaambiwa wasubiri. Fundi alikaa kando ya kitanda. Saa nne, mkewe akamwomba maji. Saa tano akaomba tena. Wodi ilikuwa na joto, feni ya juu imekufa, na midomo ya Bi Simu ilianza kupasuka pembeni. Ndani ya mkoba wa Fundi mlikuwa na chupa ya maji aliyotoka nayo nyumbani, na mkewe alijua imo, maana kifuniko chake cha bluu kilikuwa kimejitokeza. Alipoomba mara ya tatu, Fundi aliusukuma mkoba chini ya kitanda kwa mguu.

Saa nane kasoro, waliposikia kitanda cha magurudumu kinakuja, aliomba mara ya nne. Ile sauti iliyojulikana mji mzima ilikuwa imekauka, imebaki kama karatasi ikikunjwa.

"Fundi, nipe maji. Kidogo tu, niloweshe ulimi."

"Vumilia," alimwambia. "Ukitoka huko nitakuletea ndoo nzima."

Alitaka kumchekesha. Mkewe hakucheka. Aligeuza uso upande wa ukuta, wakaja wakamchukua. Saa kumi na robo daktari alitoka na kumwambia kwamba mshipa mkubwa uliokuwa umejibana nyuma ya uvimbe umepasuka, wamejaribu kila njia, damu haikuzuilika. Fundi alirudi wodini kuchukua vitu vyao. Akainama, akauvuta mkoba kutoka chini ya kitanda. Chupa ilikuwa imejaa.

Baada ya maziko na wageni kuondoka, alirudi kazini. Kama kawaida yake alikuja nyumbani kula mchana, akafunga mlango, akapasha chakula. Siku ya tisa, au ya kumi, hakuwa na hakika, alikuwa jikoni anafuta sahani aliposikia sauti kutoka sebuleni.

"Fundi, nipe maji."

Haikuwa ile ya wodini, ilikuwa ya zamani, safi na ya karibu, sauti ya mtu aliyetulia kitini ambaye hataki kunyanyuka. Kabla hajafikiri, mkono wake ulishachukua glasi na kuijaza bombani. Akatembea nayo hadi sebuleni. Pale akajikuta amesimama mbele ya kiti kitupu, glasi mkononi, kama mhudumu aliyekosea meza.

Hakuweza kuinywa. Kuirudisha jikoni na kuimwaga kwenye sinki alishindwa vile vile. Kwenye kimeza kando ya kiti palikuwa na ile okidi ya kwanza, nyeupe, ya kuagwa. Akaimwagia glasi yote. Alisema alipofanya hivyo kifua kilimfunguka kidogo, akarudi kazini, akafanya kazi vizuri hadi jioni.

Kesho yake, saa ile ile ya mchana, sauti ikaja tena. Akapeleka glasi tena. Baada ya juma moja alikuwa haingoji kuitwa. Akiingia tu mlangoni alikwenda bombani. Na kwa kuwa alijisikia vibaya kunywesha moja na kuziacha nyingine kumi na tatu zikitazama, akaanza kuzinywesha zote, kila siku, glasi kwa glasi, na akizimaliza alichungulia visahani vya chini kuhakikisha maji yamesimama.

Ikafika siku binti yake akaja kumtazama. Binti huyo alikuwa mkaguzi wa lifti, mtu ambaye kazi yake ni kupanda majengo marefu na kuzishuku nyaya. Wakati mama yake anakufa, alikuwa kazini ghorofa ya kumi na mbili upande wa pili wa mji, na tangu siku hiyo alikuwa akija kwa baba yake kila baada ya majuma mawili, anapika, anasafisha, anaondoka mapema. Hawakuwa wakizungumza sana. Siku hiyo alisimama mlangoni mwa sebule, akanusa. Palikuwa na harufu ya kitu kilichooza. Visahani vilijaa maji, na ndani ya maji viluwiluwi vya mbu vilikuwa vinajinyonganyonga. Okidi saba zilikuwa zimelala, majani ya njano, laini kama ndizi iliyoiva mno.

"Baba, unazimwagilia mara ngapi?"

Akamwambia ukweli. Binti akasema taratibu kwamba nyuma ya kituo cha zimamoto kuna mama mmoja anauza miche, anajua habari za okidi, na kwamba mtu anaweza kumpelekea ua kama anavyopeleka mgonjwa. Hakusema zaidi. Alimwaga visahani vyote, akapangusa meza, akaondoka kabla ya chai.

Fundi alikwenda Jumamosi iliyofuata, ile okidi nyeupe ikiwa ndani ya mfuko aliokuwa akibebea taya za wateja. Mama wa miche alikuwa mtu wa miraba minne, buti za mpira miguuni, na wateja walimwita Mama Mizizi kwa sababu hakuwahi kutazama ua la mtu. Alipopewa chombo tu alikipindua, akaung'oa mmea na kutazama chini.

Aliubonyeza mzizi mmoja kwa vidole viwili. Ukateleza, ganda likachomoka, zikabaki nyuzi nyembamba.

"Mzee wangu, huyu hukumnyima maji," alisema. "Umemzamisha."

Alimweleza kama anavyoelezwa mtoto, bila kumdharau. Okidi za aina hiyo, alisema, porini hazikai ardhini. Zinajishika juu ya magome ya miti, mizizi iko nje, inapigwa na upepo. Mvua ikinyesha zinakunywa, ikikatika zinakauka, na huko kukauka ndiko zinakovuta pumzi. Mzizi mzima ukiwa na kiu ni wa rangi ya fedha, ukishiba ni kijani. Ukiwa kahawia na unabonyea, umekwisha. Alichukua mkasi, akaupitisha kwenye moto, akakata mizizi iliyooza mmoja mmoja, na kwenye vidonda akapaka unga wa mdalasini. Ilibaki mizizi mitatu.

Fundi alimwuliza amwagilie mara ngapi sasa. Mama Mizizi alimtazama usoni kwa muda. Aliwahi kuona wengi wa namna hiyo, alinambia binti baadaye, na wengi wao walikuwa wafiwa.

"Wewe usimwagilie kabisa," akamwambia. "Weka maji chini, mmea uchote wenyewe. Mkono wako ukae mbali."

Akamwonyesha chombo alichokuwa ametengeneza kwa mtungi wa plastiki unaopenya mwanga. Ndani hamkuwa na udongo, mlikuwa na vipande vya magome na kokoto nyepesi za udongo wa kuchoma, zilizo na vitundu kama mkate. Chombo hicho kiliketi ndani ya kingine kilichokuwa na maji, kisigusane nayo, na kati yao ulining'inia utambi wa nailoni, kama wa taa ya mafuta. Utambi unapandisha unyevu polepole, kokoto zinalowa, mizizi inachukua inachotaka, na pembeni kuna matundu ya hewa. Maji ya mvua ni bora kuliko ya bomba. Mbolea ni chembe tu. Kila mwezi unazisuuza kokoto kwa maji mengi ili chumvi isigande, unaacha yachuruzike yote.

"Na ukiona maji ya chini yamekwisha," aliongeza, "usikimbilie kujaza. Kiache chombo kitupu siku mbili. Hapo ndipo watu wanaposhindwa."

Kutengeneza vyombo ilikuwa kazi ya furaha, na Fundi hakuwa ameonja furaha ya kazi kwa muda mrefu. Karakana ilikuwa na mitungi mitupu ya unga wa plasta, yote ya ukubwa mmoja. Alitoboa matundu kwa keekee yake ndogo ya kusagia meno, upana wa vidole viwili kutoka chini, akayasugua kingo hadi zikawa laini kama fizi. Alichemsha kamba za nailoni, akazisokota. Na kwa kuwa hakuweza kuvumilia kutojua maji yamefika wapi, alifinyanga kidonge cha nta ya waridi, ile ya kutengenezea fizi, akakichomeka kwenye waya mwembamba na kukiweka ndani ya mrija ulioshuka kando ya mmea hadi kwenye maji ya chini. Maji yakiwa mengi, waya ulichomoza juu. Yakipungua, ulizama. Binti alipoona kazi ile alizunguka meza mara mbili, akagusa waya mmoja kwa ncha ya kidole, akasema angalau hii lifti haina nyaya za kukatika. Ulikuwa utani wa kwanza kati yao tangu msiba.

Kufikia hapo okidi sita tu ndizo zilizokuwa hai. Fundi alizipandikiza zote siku moja, na kwa siku kumi na moja nyumba ilitulia. Aliporudi mchana alitazama nyaya sita, akaona ziko juu, akajua kwamba hakuna mwenye kiu humu ndani. Sauti haikuja. Alikula chakula chake chote, na mara mbili alisinzia kitini.

Siku ya kumi na mbili, waya wa ile okidi nyeupe ulikuwa umezama.

Alikuwa ameshajaza jagi la maji ya mvua alipokumbuka agizo. Siku mbili. Akaliweka jagi juu ya meza, akaketi. Ilikuwa saa nane. Nje mtu alikuwa anapigilia bati, nyundo ikaacha, na katika ukimya ule sauti ikaja, safari hii si ile safi ya zamani. Ilikuwa ya wodini, imekauka, inakwaruza.

"Kidogo tu. Niloweshe ulimi."

Fundi alijishika magoti. Alinieleza hivi akiwa ameshika kisu cha nta karibu kabisa na mdomo wangu, na kwa mara ya kwanza akakiweka chini kabla kazi haijaisha, akaendelea. Alijua, alisema, kwamba ni yeye mwenyewe. Si mjinga. Alijua kichwa cha mtu kinaweza kutoa sauti kama redio iliyosahauliwa. Lakini kujua hakukumsaidia. Pale mbele yake palikuwa na kiumbe kinachohitaji maji, maji yako mezani, na yeye ameambiwa na mtaalamu asitoe. Ilikuwa vile vile. Alikuwa anamnyima mara ya pili.

Hakujaza. Lakini hakuweza pia kubaki humo ndani. Alitoka bila kufunga mlango, akatembea hadi hospitali, akapanda ngazi mpaka ile wodi, akamwulizia sista aliyekuwa zamu mchana wa siku ile. Alikuwa anaikumbuka sura yake, mwanya kwenye meno ya juu na jino moja la pembeni lililosogea nyuma. Walimpata chumba cha dawa, anahesabu vidonge. Alimsikiliza Fundi akiwa amesimama, kisha akamvutia kiti.

Fundi alitaka jambo moja tu. Mkewe alipoingizwa ndani, kabla ya kulazwa usingizi, je, kuna mtu aliyemlowesha midomo?

Sista alifikiri. Angeweza kusema ndiyo. Fundi aliona jinsi neno lile lilivyomfika mdomoni, na jinsi alivyolirudisha.

"Mzee, sitakudanganya. Simkumbuki mkeo. Siku ile tulipokea majeruhi kumi na saba." Akaweka kichupa chini. "Huwa tunalowesha pamba, tunawapitishia midomoni. Mimi hufanya hivyo kila mara. Kwa hiyo nadhani nilifanya. Lakini kukumbuka, sikumbuki."

Akamwambia na jambo lingine, kwamba wote huomba maji. Wazee, vijana, wanaume wenye vifua kama milango, wote. Na ndugu zao karibu wote hurudi nyumbani na lile ombi masikioni, hata wale ambao wagonjwa wao walipona. Mmoja alikuwa na mke aliyepona kabisa, wanaishi wote, na bado anaamka kumpa maji. Fundi alimshukuru. Hakuwa amepata alichokifuata. Aliposhuka ngazi alijisikia mwepesi na mtupu, asijue kama ni nafuu au ni njaa.

Alimkuta binti yake sebuleni. Jirani alikuwa amempigia simu kwamba mlango wa baba yake uko wazi na mwenyewe hayupo. Binti alikuwa amesimama kando ya kimeza, lile jagi mkononi, limeinama kidogo kuelekea kwenye mrija.

"Usijaze," Fundi alisema, kwa ukali uliowashtua wote wawili.

Binti akaliweka jagi chini. Na Fundi, ambaye kwa miezi mitano hakuwa amemwambia mtu yeyote, akamweleza yote akiwa bado amesimama na viatu miguuni: mara nne, kifuniko cha bluu, mkoba aliousukuma kwa mguu, ule utani wa ndoo, uso ulioelekea ukutani. Alieleza hata juu ya sauti. Alitegemea binti amshike mkono, au amwambie hukuwa na namna.

Binti hakusogea.

"Mimi nilimpa," alisema.

Fundi hakuelewa.

"Asubuhi ile, baba. Nilipita saa moja, wewe hujafika, kabla ya kwenda kazini. Aliniomba, nikampa. Vijiko vitatu. Sista alikuwa upande wa pili, hakuona." Akajifunika mdomo kwa kiganja, kisha akakiondoa. "Karatasi ilikuwa pale ukutani na nikaisoma. Nikampa hivyo hivyo. Halafu wakanipigia simu kwamba amefia mezani."

Hapo Fundi alielewa mambo mengi kwa mpigo mmoja: kwa nini binti huyu alikuwa akisafisha nyumba kama anayelipia kosa, kwa nini alikuwa hakai chai ikaiva, kwa nini siku ya maziko hakutaka kusogea karibu na jeneza. Miezi mitano mtoto alikuwa akitembea ghorofani juu ya visima vya lifti akiamini kwamba vijiko vitatu vya maji vimemuua mama yake.

Alikwenda chumbani, akafungua droo, akarudi na cheti cha hospitali. Binti hakuwahi kukiona. Fundi alikuwa amekikunja mara nne na kukificha chini ya fulana, kwa kuwa hakuweza kukitazama. Walikiweka mezani, wakakinyoosha. Akamsomea sababu ya kifo, neno kwa neno, na alipofika kwenye mshipa akaweka kidole hapo, akamwomba asome mwenyewe. Binti alisoma mara mbili. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo kama ya mtoto wa shule, kama palikuwa na mahali popote panapotaja maji.

"Hakuna," alisema Fundi. "Tazama. Hakuna."

Kisha Fundi alimwuliza, na huko kuuliza, alinambia, kulimchukua nguvu kuliko kupanda zile ngazi: mama yako alisema nini ulipompa?

Binti alisema hakusema kitu. Alimeza, akafumba macho, na kwenye kijiko cha tatu alikiuma kidogo kwa meno, kwa mchezo, akakataa kukiachia.

Fundi alicheka, na kicheko kikageuka, akalia mbele ya mtoto wake kwa mara ya kwanza. Alikuwa anaona kabisa jinsi yale meno yalivyokishika kijiko. Anayajua. Jino la mbele la kushoto lilikuwa limemegeka pembeni, kazi aliyokuwa anamwahidi kila mwaka kwamba ataifanya.

Mimi nilimaliza meno yangu mwaka uliofuata. Siku ya mwisho aliniruhusu nipite nyumbani kwake, maana nilishasikia mengi mno kuhusu hizo okidi, nikaona haya kuondoka bila kuziona. Zilikuwa zimebaki nne. Mbili zilikufa hivyo hivyo, mizizi ilikuwa imeharibika kabla ya kufika kwenye utambi. Binti alikuwa amepanda nyingine mpya kwake, kwenye chombo cha baba yake, na kwa kuwa ni mkaguzi aliongeza waya wa pili wa kupimia, endapo wa kwanza utadanganya.

Nilimwuliza kama bado anaisikia. Alijibu bila kusita kwamba ndiyo. Si kila siku. Mara nyingi huja chombo kikiwa kitupu, zile siku mbili, na hapo huwa anabaki karakana hadi jioni au anampigia binti simu wazungumze habari za lifti. Hajaribu tena kuifukuza. Siku nyingine, alisema, huja bila kuomba chochote, inaita tu jina la kazi yake, Fundi, kama mtu anayetaka kujua kama uko chumba cha pili.

Kisha akanivuta dirishani kunionyesha kitu. Kwenye bua kuukuu la okidi ya zambarau, pale ambapo ua lilitakiwa kuchipuka, palikuwa na kimmea kidogo cha majani mawili, kimejiotea hewani, na chini yake kijizizi cha rangi ya fedha kisichozidi punje ya mchele. Mama Mizizi alikuwa amemwambia asikikate mpaka mizizi ifikie urefu wa kidole. Alitoa mfukoni kipimo chake cha meno, chenye ncha mbili kama makucha ya kaa, akapima mbele yangu, akaandika kwenye daftari tarehe na milimita. Nne na nusu. Jumapili iliyopita, alisema, zilikuwa nne.